Njia Iliyofungwa Mjini Memphis

Jioni hii nitawapeleka ng'ambo ya bahari, lakini jambo lenyewe si geni kwenu. Kila mmoja wenu ajua njia ipitayo kando ya shamba la mtu. Leo mwenye shamba aipanda mihogo, kesho wapitao wazunguka, na kesho kutwa shauri limefika barazani. Mwenye shamba hulia kwamba mimea yake yakanyagwa; wapitao hujibu kwamba babu zao walipita papo hapo. Na mara nyingi wote wawili husema kweli.

Mji nitakaousimulia ni Memphis, katika jimbo la Tennessee, nchi ya Marekani. Humo mna mtaa uitwao Hein Park, uliojengwa kabla ya Vita Kuu ya pili ili uwe makao ya watu weupe, na hata siku za daawa hii ulikuwa bado mtaa wao. Katikati yake yapita barabara, jina lake West Drive, urefu wake kadiri ya nusu maili. Mwisho wake wa kaskazini yakutana na barabara kubwa ya Jackson Avenue, na ng'ambo ya hapo palikuwa na mitaa ambayo wakazi wake wengi walikuwa weusi. Watu wa kaskazini, wakienda katikati ya mji kwa motokaa, wengi wao walipita West Drive.

Mwaka 1970 wenyeji wa Hein Park waliiomba serikali ya mji ifunge barabara nne ziingiazo mtaani mwao. Wakuu wa polisi, wa zimamoto na wa usafi wa mji walipinga, na ombi likakataliwa. Lakini maofisa wa barabara waliandika ya kuwa West Drive peke yake ikifungwa pale Jackson Avenue, motokaa nyingi zitakoma kupita. Basi mwaka 1973 wenyeji wakarudi na ombi la barabara hiyo moja. Walitia sahihi wenye nyumba mbili za mwisho wa kaskazini, na wenzao wa sehemu iliyofuata, wote ila mmoja. Sababu walizozitoa zilikuwa za kawaida: motokaa ni nyingi na zaenda mbio, watoto wamo hatarini, kelele na takataka zimezidi. Mwaka 1974 Baraza la Mji likakubali, kwa sharti kwamba magari ya zimamoto na ya polisi yaachiwe nafasi ya kupita.

Majirani wa kaskazini hawakuridhika, na mwaka ule ule wakafungua daawa. Angalieni sheria waliyoishika. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani nzima mwaka 1865, kwa kuongeza kifungu cha 13 katika Katiba. Mwaka uliofuata, 1866, ikatungwa sheria isemayo kwamba raia wote watakuwa na haki ile ile waliyo nayo raia weupe ya kununua, kurithi, kupangisha, kuuza na kumiliki mali na ardhi. Wadai wakasema: Mwenye nyumba hamiliki kuta na paa tu, thamani ya nyumba yake imo pia katika njia ziendazo kwake na katika heshima ya mahali pake. Kizuizi kikisimamishwa hasa pale mtaa wa weupe ukomapo na wa weusi uanzapo, kila apitaye atakisoma kama kibao kilichoandikwa.

Korti ya kwanza iliwapa ushindi watu wa mji. Korti ya Rufani, mwaka 1979, ikawapa ushindi majirani. Ndipo shauri likafika Korti Kuu ya Marekani mjini Washington, ikatoa hukumu tarehe 20 Aprili 1981.

Majaji sita kwa watatu walikubali barabara ifungwe. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alisema haikuonekana kwamba nyumba za weusi zimepungua thamani, wala kwamba wamezuiliwa kufika makwao. Watalazimika tu kutumia barabara nyingine ya umma. Mji nao una haki ya kutunza utulivu wa mtaa na usalama wa watoto. Tena haikuthibitishwa kwamba mtaa wa weusi uliomba jambo kama hilo ukanyimwa. Hoja hizi si nyepesi. Anayeishi kando ya njia kuu ajua vumbi na hofu ya gurudumu.

Jaji Thurgood Marshall alikataa, na wenzake wawili, Brennan na Blackmun, wakaungana naye. Marshall alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Korti Kuu, mwaka 1967. Wasikilizaji wa Kenya wana sababu nyingine ya kumjua: mwaka 1960 alikwenda London pamoja na wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya sheria ya haki za raia, iliyolinda hata mali ya walowezi weupe. Katika shauri la Memphis yeye hakuhesabu dakika za safari. Alitazama mahali kizuizi kilipowekwa, na nani aliwekewa, na ushahidi kwamba kulisemwa habari za wapitao "wasiotakikana". Akauliza neno hilo lilimkusudia nani. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo kiini cha shauri, na hukumu ya walio wengi ililipita kwa haraka mno.

Imebaki jambo moja, nalo lafaa likumbukwe na wanafunzi wa sheria. Je, mdai ni lazima athibitishe kwamba baraza lilikusudia ubaguzi, au yatosha kuonyesha madhara yake? Jaji White, aliyeunga mkono matokeo ya hukumu kwa sababu zake mwenyewe, alisema kusudi lazima lithibitishwe. Stevens na wenzake wanne waliona kwamba madhara yaliyoonyeshwa hayakufika kiasi cha kuwalazimu kujibu, na swali hilo wakaliacha wazi.