Kwa Nini Kwaya Hubaki Kaburini Mpaka Udongo Ujae
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanakwaya wa zamani katika semina ya kuandaa yubilei)



Kamati ya yubilei imetupa sisi wanakwaya wa zamani dakika 20. Kwa kuwa mzee akipewa kipaza sauti huwa hakirudishi, tumeagizwa tusome yaliyoandikwa, basi.

Historia ya kwaya mtaisoma kwingine katika kijitabu hiki. Sisi tumechagua swali moja lililoulizwa na vijana wetu katika mkutano mkuu, ambalo halikupata jibu kwa sababu mvua ilianza kunyesha. Waliuliza hivi: misa ya wafu ikiisha, padre akishabariki kaburi na jeneza likishateremshwa, kwa nini kwaya ibaki palepale juani mpaka udongo ujae?

Hoja zao si za kupuuzwa. Jumamosi ni siku ya kutafuta riziki. Nauli imepanda. Siku hizi kila mazishi yana hema, spika kubwa na mtu wa kuongoza shughuli, na wimbo wowote unaweza kutoka kwenye simu. Mmoja wao aliongeza kwamba mengine haya ni mazoea tu, na Mungu huangalia moyo.

Tuanze na hilo la mwisho. Ni kweli Mungu huangalia moyo. Lakini sisi si Mungu, na moyo wa jirani hatuuoni. Tunaona miguu iliyomleta, magoti aliyopiga, kitambaa alichojifunga kiunoni akaingia jikoni kuchambua mchele. Mama aliyefiwa hatakumbuka maneno tuliyomwambia. Nani hajawahi kusimama mbele ya mfiwa akakosa la kusema? Hapo ndipo taratibu za ibada zinapotusaidia: zinampa kila mtu kitu cha kufanya wakati maneno yamemwishia. Huyu anashika maji ya baraka, yule anabeba shada, wale wanne wanashika kamba. Sisi tunaimba.

Mwaka 1909 msomi mmoja wa Ufaransa, Arnold van Gennep, alitoa kitabu kuhusu ibada za kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Alionyesha kwamba watu wa mataifa mengi hupita hatua tatu: mtu hutengwa na hali yake ya zamani, hukaa katikati, kisha hupokelewa katika hali mpya. Babu zetu hawakungoja kitabu hicho. Kijana wa Kibukusu au wa Kimeru aliyetahiriwa alikaa kando akafundishwa, halafu akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine, na kila mtu akamsalimu kwa namna nyingine.

Kanisa nalo linajua jambo hili. Utaratibu wa mazishi uliotolewa Roma mwaka 1969 una namna ya vituo vitatu: nyumbani, kanisani na kaburini, na kati ya kituo na kituo kuna maandamano. Tazameni vizuri ni nani hutembea njia yote hiyo akiwa na kazi mkononi. Kwaya huimba jeneza linapotoka nyumbani, huimba kanisani, huimba njiani. Kaburini ni kituo cha tatu. Kuondoka hapo kabla ya udongo kujaa ni kama kumsindikiza mgeni ukamwacha kabla hajafika kwenye matatu.

Wapo watakaosema mazishi ni shughuli ya familia tu. Wenye umri wetu wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, huko Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Walikwenda mahakamani, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baadaye. Nchi nzima ilifuata kesi ile redioni na magazetini. Leo hatutaki kuamua nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba watu hawagombani miezi mitano juu ya kitu kisicho na maana. Swali la nani anamzika mtu, wapi na kwa taratibu zipi, ni swali la yeye alikuwa nani na ni wa nani.

Lakini ushahidi mkubwa kwetu ni mwaka 2020. Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Mazishi yakawa ya watu 15. Mwezi Aprili picha za mazishi ya usiku huko Siaya, mwili ukiwa kwenye mfuko bila jeneza, zilifika kwenye simu za nchi nzima, na watu ambao hawakumjua marehemu walilia. Tuliporuhusiwa kuabudu tena Julai, ilikuwa watu 100, saa moja tu, na aliyezidi miaka 58 abaki nyumbani. Mnaijua sauti yetu ya kwanza. Ilibaki nyumbani karibu yote.

Katika miezi ile tulizika wenzetu bila wimbo. Sheria ilikuwa na sababu yake na tuliitii. Ila yaliyofuata yalitufundisha. Masharti yalipolegezwa, familia zilianza kumjia mwenyekiti wetu, moja baada ya nyingine, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Misa za kuwaombea marehemu wao zilikuwa zimesomwa. Salamu za rambirambi walipata nyingi kwenye simu. Bado walikuwa na deni. Familia moja ilisema, "Njooni muimbe kama vile ndiyo siku yenyewe." Tulikwenda na sare zetu. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Kaka mkubwa akaleta koleo, na tulipokuwa tukiimba kila mtoto wa marehemu akachota udongo kidogo na kuumwaga juu, hata yule aliyekuwa amekwama ng'ambo wakati baba anazikwa. Walipomaliza, mama yao alisema, "Sasa amezikwa," akaenda kututengea chai. Hakuna mahubiri yaliyotolewa siku ile.

Sasa tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana hili halimo kwenye kitabu cha nyimbo. Udongo wa kwanza ukianguka juu ya mbao hutoa mlio ambao kila aliyefiwa anaujua. Wimbo unapaswa kuwa umeshaanza kabla ya mlio huo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya kaburini hasimami akitazama waimbaji tu. Jicho moja liko kwa wenye makoleo. Tunachagua nyimbo za kiitikio kifupi ambacho kila mtu anakijua, na beti za kuongezwa au kupunguzwa, kwa sababu hatujui udongo utachukua muda gani. Kama ni mfinyanzi na mvua imenyesha, mnaweza kuimba nusu saa. Ule utunzi mgumu wa sauti nne tuliofanyia mazoezi mwezi mzima uishie kanisani. Kaburini wimbo hauna mwisho wake wenyewe, mwisho wake ni udongo. Hapo simu inashindwa. Wimbo wa simu huisha baada ya dakika nne, kisha linaingia tangazo la mkopo.

Hatusemi kila desturi ibaki. Wakikuyu na Wamaasai wa zamani hawakuwa wakizika watu wote, ni wachache tu waliochimbiwa kaburi, na leo hakuna anayetaka kurudi huko. Kuna mambo wanayotendewa wajane ambayo Kanisa limeyakataa, na limekataa vyema. Disko matanga za kuharibu watoto usiku kucha nazo tumezisema sana, na tutazidi kuzisema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka mazishi yaonyeshe matumaini ya Pasaka na yapatane zaidi na hali na mila za kila mahali. Kupatana kunahitaji kuchagua.

Mfano mzuri wa kuchagua ulitoka Tharaka mwaka 1996. Akina mama waliotaka kuwaokoa binti zao na ukeketaji waliona kwamba kukataza peke yake hakutoshi. Wakaanzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno. Wasichana walikaa pamoja ndani, wakafundishwa na wakubwa wao, kisha wakatoka kwa nyimbo, ngoma na zawadi mbele ya watu wote. Kilichoondolewa ni kisu. Akina mama wale walijua kwamba ukimnyima msichana sherehe ya kuwa mtu mzima, ataifuata popote inapofanyika, pamoja na kisu chake.

Vijana wetu wapendwa, malalamiko yenu juu ya nauli na muda tunayakubali, na tumeyazungumza na kamati. Kuanzia mwezi ujao kwaya nzima haitalazimika kubaki. Itabaki sauti moja kwa zamu, pamoja na mwalimu na mpiga kayamba, na watu wa jumuiya ya marehemu wataitikia, kwani viitikio wanavijua kuliko sisi. Nauli ya walio zamu itatoka mfuko wa kwaya. Atakayekuwa na mtihani au kazi amwambie kiongozi wa sauti yake kabla ya Alhamisi.

Jumamosi hii tuna mazishi ya mzee wa jumuiya ya Mtakatifu Monika. Zamu ni ya sauti ya tatu. Njooni na miavuli.