Muuguzi wa Upasuaji Turkana
Ubora wa maisha ya muuguzi, yaani namna mwenyewe anavyoyaona maisha yake kiafya, kimapato na kijamii, hauamuliwi na mshahara peke yake. Katika Hospitali ya Rufaa ya Lodwar, tegemeo la wakazi kuanzia Kakuma hadi Eliye Springs ziwani, muuguzi wa upasuaji husimama saa nyingi, akihesabu shashi na mikasi kabla mgonjwa hajashonwa, pengine baada ya kutolewa uvimbe wa haidatidi, maradhi ya tegu wa mbwa yaliyowasumbua Waturkana kwa miongo. Mgomo wa wauguzi wa Kenya wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulihusu zaidi malipo. Uchovu wa zamu za usiku, ambao posho ya mazingira magumu haiuondoi, haukupewa uzito uliostahili.