Ibrahimu na Shamba la Makpela

(Mazungumzo tuliyowatolea wahitimu wa kisomo, Kasulu)

Leo tuzungumze habari za Ibrahimu. Humu ndani wapo Wakristo, wapo Waislamu, wapo na wanaofuata ya wazee wao. Wote karibuni. Sisi si mapadri wala masheikh. Kazi yetu ni kusoma pamoja nanyi.

Habari yenyewe imo katika kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu alikuwa Harani, ana miaka 75. Mungu akamwamuru ahame, aache kwao na ndugu zake, aende nchi ambayo hata hakutajiwa jina. Akaahidiwa mambo mawili: nchi na uzao. Nchi yenyewe haijui, na mkewe Sara ni tasa. Hata hivyo akafunga mizigo.

Mtu wa Kasulu anajua kuhama. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza. Watu waliokuwa wametawanyika wakaletwa kukaa pamoja vijijini. Waliambiwa watapata shule, zahanati na maji. Wengine walihama kwa hiari, wengine walisukumwa. Tena mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, wakaingia ndugu zetu kutoka Kongo, na kuanzia 2015 wakaja wengi kutoka Burundi. Hao hawakuahidiwa kitu. Walikimbia bunduki.

Basi bibi mmoja darasani akatuuliza: "Mwalimu, Ibrahimu alitii. Sisi nasi tulitii, tukaacha migomba yetu na makaburi ya wazee. Maji tuliyoahidiwa tuliyangoja miaka mingi. Kutii kwetu kulikuwa imani, au woga?"

Darasa likanyamaza. Nasi tukanyamaza. Kisha tukarudi kitabuni.

Ibrahimu hakutii kama kondoo. Aliposikia Sodoma itaangamizwa, alibishana na Mungu. Je, wakiwamo wenye haki 50, utauangamiza? Akashuka hadi 45, 40, 30, 20, mwisho 10, kama mtu anayepatana bei gulioni! Tena kungoja kulimchosha. Alipata Ishmaeli kwa mjakazi Hajiri akiwa na miaka 86. Isaka, mtoto wa Sara, alizaliwa baba yake ana miaka 100. Haya, toeni hesabu: 100 kutoa 75. Miaka 25 ya kungoja ahadi. Baadaye Hajiri na mwanawe walifukuzwa, wakatangatanga jangwani na mkate na kiriba cha maji. Sehemu hiyo hatuipendi, wala hatutaipaka sukari.

Halafu akaamriwa amtoe mwanawe sadaka. Biblia inamtaja Isaka. Waislamu wengi husema ni Ismaili, na jambo hilo hukumbukwa kila mwaka kwenye Idi ya kuchinja. Kijana alipona, akachinjwa mnyama badala yake. Lakini siku hiyo Ibrahimu hakubishana. Kwa nini aliwatetea watu wa Sodoma, akanyamaza juu ya mwanawe? Tumeisoma mara nyingi na bado inatusumbua.

Sasa tufike Makpela, maana hapa ndipo bibi yule aliinua kichwa. Sara alikufa ana miaka 127. Mumewe alimzidi miaka 10. Kwa hiyo ilikuwa miaka 62 tangu atoke Harani, na Ibrahimu hana hata kipande cha ardhi cha kumzika mkewe. Akawaendea Wahiti, wenyeji wa Hebroni, akainama mbele yao, akaomba auziwe pango. Mwenyewe, Efroni, akasema chukua tu. Ibrahimu akakataa cha bure. Ikatajwa bei: shekeli 400 za fedha. Akaipima yote mbele ya watu waliokuwapo langoni pa mji. Kitabu kinataja shamba, kinataja pango, kinataja hata miti iliyokuwa mipakani.

Mnaona ajabu yake? Nchi nzima alikwisha kuahidiwa. Angeweza kusema, hii ni yangu, Mungu kanipa. Hakusema. Alilipa, na mashahidi wakaona. Na Sara alipozikwa pale, hakuna aliyekuja kudai. Hata Ibrahimu alizikwa humo, akizikwa na Isaka na Ishmaeli pamoja.

Siku hizi nasi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mwanakijiji aweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, mwanamke sawa na mwanamume. Lakini wangapi kati yenu wanayo? Mikono iliyoinuliwa ilikuwa miwili.

Bibi akasema, "Swali langu hamkulijibu. Lakini nifundisheni kuandika mipaka."

Tukaanza na shamba lake, ubaoni, yeye mwenyewe ameshika chaki: chini kijito, juu njia ya kisimani, kushoto mwembe wa marehemu mume wangu.