Upungufu wa Damu Katika Nyumba Zetu

Hotuba ya Kamati ya Afya iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mweka Hazina amekwisha kutusomea hesabu ya mwaka, nanyi mmesikia ya kuwa sehemu kubwa ya fedha zetu ilikwenda katika mazishi. Hatusemi hayo kwa kulaumu, maana kumzika mwenzetu kwa heshima ni wajibu, na chama kisichozika watu wake si chama. Lakini sisi wa Kamati ya Afya twaona yafaa kuuliza: je, katika wale tunaowarudisha nyumbani ndani ya majeneza, hakuna ambao wangaliweza kurudi kwa miguu yao? Kwa ajili hiyo leo tutasema habari za ugonjwa mmoja usiopiga kelele, nao ni upungufu wa damu, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la safura.

Ndani ya damu mna chembechembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Chembechembe hizo hazijengwi bila madini ya chuma, wala haziishi milele. Kila moja hudumu siku 120 hivi, kisha hufa, na mwili hauna budi kujenga nyingine. Basi damu hupungua kwa njia tatu: ama haijengwi ya kutosha, ama huharibiwa, ama humwagika. Mara nyingi njia hizo tatu hukutana katika mtu mmoja.

Tuanze na kujengwa. Chuma kilichomo katika nyama, ini na samaki huingia mwilini kwa wepesi; kile cha mboga, maharagwe na nafaka huingia kwa shida. Tena chai na kahawa, zikinywewa pamoja na chakula, hukizuia. Mama anayekula ugali na mboga kidogo, akashushia kwa kikombe cha chai, ameshiba tumbo, lakini damu yake haikupata kitu kikubwa. Na nyumba nyingi twazijua desturi zake: nyama ikipikwa, baba hupakuliwa kwanza, watoto hufuata, naye mpishi hufuta sufuria. Huyo anayefuta sufuria ndiye anayebeba mimba, ndiye anayenyonyesha, na ndiye anayepoteza damu kila mwezi.

Katika kuharibiwa, adui mkubwa ni malaria, ambayo vijidudu vyake huingia ndani ya chembechembe nyekundu na kuzipasua. Yuko na adui mwingine, nao ni ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii, akaona ya kuwa alama ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba katika nchi za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Basi ugonjwa huo si uchawi, wala si laana ya ukoo, na mama wa mtoto huyo asisingiziwe neno.

Katika kumwagika, mbali na hedhi nzito na kuzaa mara kwa mara bila kupumzika, wako minyoo wa safura. Hao hupenya ngozi ya miguu mitupu mahali penye udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, kisha hukaa matumboni na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku.

Mabwana na mabibi, msidhani ya kwamba twasema juu ya watu wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, duniani kote watoto 40 katika kila 100 walio kati ya miezi 6 na miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake wajawazito 37 katika kila 100.

Nayo madhara yake ni haya. Mtu mzima huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda kilima, kichwa humzunguka, na viganja vyake na ndani ya kope huwa vyeupe. Mtoto husinzia darasani, akaitwa mvivu, akapigwa, kumbe mwili wake hauna hewa ya kutosha. Na upungufu wa chuma katika miaka ya kwanza huweza kudhuru akili inayokua. Mwanamke mjamzito huweza kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mdogo mno. Na saa ya kuzaa ikifika, damu ambayo mama mwenye afya angeipoteza na kupona, huyu mwenzake huweza kufa kwayo, kwa kuwa hakuwa na akiba.

Sasa, kinga. Hapa twaomba kila mmoja asikilize kwa niaba ya nyumba yake.

Mama mjamzito na aende zahanati mapema, asingoje tumbo kuonekana. Huko hupimwa damu, na hupewa vidonge vya chuma pamoja na asidi ya foliki vya kumeza kila siku. Wengi huviacha kwa sababu choo hugeuka cheusi, au tumbo huchafuka. Choo cheusi kwa vidonge hivyo hakina hatari. Na tumbo likichafuka, avimeze baada ya chakula au wakati wa kulala, wala asivitupe. Lakini viwekwe mbali na watoto, kwa maana mtoto akimeza vingi huweza kufa. Na mwenye selimundu asimeze chuma ila kwa amri ya daktari.

Mtoto na anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi 6. Baada ya hapo apewe vyakula vyenye nguvu: dagaa waliosagwa, yai, ini, maharagwe, kunde. Chai ya maziwa si chakula cha mtoto. Mboga zetu za mnavu, mchicha na kunde ziliwe pamoja na ndimu, chungwa au pera, kwa sababu matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai na ingoje saa moja baada ya chakula. Anayetamani kula udongo asichekwe. Tamaa hiyo huweza kuwa dalili ya kupungukiwa na chuma, na udongo wenyewe huweza kumzidishia shida. Wala tusidanganywe na rangi: kinywaji chekundu cha chupa hakiongezi damu.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe chuma. Hilo ni jema, lakini wengi wetu husaga mahindi yao kwenye kinu cha posho, na unga huo haukutiwa kitu. Kwa hiyo tusiutegemee mfuko wa dukani peke yake. Tulale ndani ya chandarua, tuchimbe vyoo, tuwavike watoto viatu, na tuwape dawa za minyoo kila zinapotolewa shuleni.

Mwisho, Kamati yaleta hoja mbili. Ya kwanza: sehemu ya fedha za msiba itengwe iwe nauli ya zahanati kwa kila mke wa mwanachama, na kila mwanachama wa kike, aliye mjamzito. Jeneza moja na safari yake hugharimu zaidi ya nauli za akina mama wengi. Ya pili: wanachama wenye afya wajitolee damu kwa zamu mwaka mzima. Damu ya hospitali haiwekeki zaidi ya wiki 6 hivi, na anayetokwa na damu usiku hawezi kungoja mpaka jamaa zake watoke mjini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa twauona, na udongo wa kuuziba tunao mikononi. Twawaomba wazee na wanachama wote wazikubali hoja hizi leo, kabla mkutano haujafungwa.