Hotuba juu ya Marcel Lihau, Mwanasheria wa Kongo

Ndugu wananchi wa Butembo na Beni, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana mnaosoma sheria pale Graben, jioni hii nawaletea habari za Marcel Lihau.

Alizaliwa mwaka 1931 upande wa Equateur. Wakati ule Wabeleji walimpa mtoto wa Kongo ukarani na upadri, lakini sheria waliificha kama ufunguo wa ghala. Siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, hatukuwa na avoka Mkongomani hata mmoja! Lihau alikuwa angali akisoma sheria huko Louvain, akamaliza udaktari wake mwaka 1963.

Sisemi alikuwa malaika. Mobutu alipomweka Lumumba pembeni, Septemba 1960, Lihau alikubali kuwa kamishna katika serikali ile ya wanafunzi. Wafuasi wa Lumumba hawakulisahau jambo hilo, na mimi siwalaumu.

Mwaka 1964 alikuwa katibu mkuu wa halmashauri iliyotunga Katiba huko Luluabourg. Wananchi waliipigia kura, ikatangazwa 1 Agosti, na Nord-Kivu yetu imeandikwa humo kati ya majimbo 21. Haikudumu. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa serikali kwa nguvu ya jeshi.

Mwaka 1968 Lihau akawekwa rais wa kwanza wa Tribinali Kuu ya nchi. Hapa tusimame kidogo. Wanafunzi waliofanya fujo walishitakiwa, na serikali ikataka adhabu kali. Angetia sahihi tu, akabaki na gari, nyumba na heshima ya wakubwa. Nani angemwuliza? Alikataa. Mwaka 1975 akafukuzwa kazi. Mwaka 1982 alikuwa kati ya waanzishaji wa UDPS, chama kilichokatazwa na serikali, kisha akakimbilia Marekani. Alifia Boston mwaka 1999.

Mnauliza, habari za Boston zatuhusu nini? Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ilipoanza hapa kwetu, mashauri ya jinai ya raia yalitiwa mikononi mwa tribinali za askari. Mkulima wa Beni akasimama mbele ya hakimu aliyevaa nguo za jeshi.

Kwa hiyo, vijana wa sheria, Jumapili baada ya misa njooni na kalamu. Tutaandika majina ya ndugu zetu waliofungwa bila kuhukumiwa, kila mmoja na tarehe aliyokamatwa.