Nani Ameandika Unachokitafuta? Mbinu za Kutafuta Maarifa Mtandaoni

Mada kwa semina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kilimo



Mwanafunzi akipewa zoezi kuhusu magonjwa ya mihogo, mara nyingi huandika kwenye Google swali zima kama mwalimu alivyolisoma darasani. Majibu hayakosi. Juu kabisa huja muhtasari uliotungwa na mashine, kisha matangazo, kisha kurasa zilizonakiliana neno kwa neno. Bando linakata na bado hana chanzo hata kimoja cha kuweka kwenye marejeo.

Ninachopendekeza ni hiki: kabla ya kuandika chochote, jiulize ni nani atakuwa ameliandika jambo hilo, kwa maneno gani, na ameliweka wapi.

Tuchukue ugonjwa wa mihogo wa michirizi ya kahawia. H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, aliueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Yeye na waliomfuata waliandika kwa Kiingereza. Bwana shamba anayemwandalia mkulima kipeperushi huandika kwa Kiswahili. Basi anayetaka utafiti aandike "cassava brown streak", na anayetaka kujua wakulima wanashauriwa nini aandike "michirizi ya kahawia". Alama za mtajo zisiachwe, kwani ndizo zinazoitaka Google ilete maneno hayo yakiwa yamefuatana vivyo hivyo.

Kisha mahali. Ukiongeza site:ac.tz utabaki na vyuo vya Tanzania, pamoja na tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, site:go.tz itakupeleka serikalini, na site:ac.ke kwenye vyuo vya Kenya. Ukiongeza filetype:pdf, zitakuja ripoti na makala badala ya kurasa za porojo. Baada ya nukta pacha usiache nafasi. Kama mapishi ya kisamvu yanakusumbua kwenye majibu, andika -mapishi, alama ya kutoa ikiwa imegusana na neno. Mtu hujifunza haya kwa dakika chache, sitayarefusha.

Pa kukaa ni Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, iliyoanza mwaka 2004. Chini ya kila makala iliyokwisha kunukuliwa kuna kiungo cha kazi zilizoinukuu, na wengi hukipita kama hawakioni. Turudi kwenye mfano wetu: kwa miaka mingi maandishi yalisema michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa ukanda wa pwani na maeneo ya chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwanafunzi anayeishia hapo atamhakikishia mkulima wa nyanda za juu kwamba yuko salama. Akibofya kiungo hicho na kuchagua makala za kuanzia mwaka 2005, atakuta habari za Uganda, ambako tangu mwaka 2004 ugonjwa ulionekana ukienea kwenye miinuko iliyozidi kiwango hicho. Makala ya zamani haikudanganya. Iliandikwa kabla mambo hayajabadilika. Kwa maoni yangu, kiungo hicho kimoja kina faida zaidi kuliko alama zote nilizozitaja.

Mtaniuliza: na makala zinazodai dola? Msikimbilie kukata tamaa. Bofya kiungo cha matoleo yote ya makala hiyo; mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye hifadhi ya chuo chake. Pitieni pia African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998, yenye majarida ya Afrika ambayo mengi husomwa bila malipo. Ikishindikana, ukurasa wa kwanza wa makala huwa na barua pepe ya mwandishi. Mwandikie mistari mitatu: jina lako na chuo chako, unachokifanyia kazi, na makala unayoiomba. Watafiti wengi hufurahi kusomwa, na hutuma nakala.