Mganga Aliyeandika Habari za Kila Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbeya)



Sisi ambao kazi yetu ni kalamu huambiwa mara nyingi kwamba twapoteza wino. Kwa hiyo nimechagua habari za mganga ambaye wino wake haukupotea. Jina lake ni Albert Cook, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1870. Alisafiri na msafara kutoka Mombasa, akafika Mengo, Uganda, mwezi wa Februari 1897, akafungua hospitali.

Mambo aliyoyafanya ni mengi. Mkewe Katharine, muuguzi, alifundisha wakunga, nao wawili wakatunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akafariki Kampala mwaka 1951. Lakini mimi nataka mzitazame daftari zake. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake: ugonjwa ulivyoanza, dawa alizopewa, na kama alipona au alikufa. Basi mwaka 1901 yeye na nduguye John, naye mganga, walipopokea wagonjwa wa namna nyingine, wenye kusinzia mpaka kufa, waliutambua ugonjwa wa malale. Kuutambua hakukuzuia msiba, tusijidanganye. Kandokando ya Ziwa Victoria walikufa watu zaidi ya 200,000 katika miaka iliyofuata.

Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali. Ikajengwa tena, na kuandika kukaendelea.

Hapo ndipo nionapo ukubwa wa mtu huyu. Zahanati ikiandika neno “homa” tu kwa wagonjwa 40 wa siku moja, karani wa wilaya atajumlisha homa 40, na jumla itakuwa sahihi, lakini haitamwambia mtu neno lolote. Cook alikuwa na wagonjwa wengi vilevile, na saa zake za usiku zilikuwa chache kama zetu.

Zamani wengi walidhani saratani ni ugonjwa mgeni kwa Waafrika. Mwaka 1964 madaktari walichapisha uchunguzi wa daftari za Mengo za tangu 1897 hata 1956, nao walikuta wagonjwa wa saratani wameandikwa humo tangu zamani. Walikuwa wamekufa siku nyingi, wala hapana aliyeweza kuwauliza. Karatasi ndiyo iliyojibu.

Daftari hizo zimehifadhiwa Makerere, katika maktaba iliyopewa jina lake.

Bwana Mwenyekiti, mwenye swali na aulize.